Damu Iliyokataa Kupita

Babu Koki hakuwa na shahada, hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, na zaidi ya yote hakuwa na imani na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Alichokuwa nacho ni miaka arobaini ya kuzibua mabomba, na mjukuu mwenye ugonjwa wa selimundu aliyeachiwa na binti yake aliyekwenda kufanya kazi mbali.

Ndani ya miezi miwili mtoto alilazwa mara tatu, akilia maumivu ya miguu. Na kila mara mpimaji wa maabara alimtoa damu chupa mbili, ilhali karatasi ya daktari ilisema moja. Moja ya kupima. Ya pili ya nani? Babu alikwisha kumwandikia binti yake kwamba watu wa hospitali ndio wanaommaliza mtoto.

Mara ya tatu akaifuata ile chupa, akinyata, mpaka mlango wa maabara.

"Shikamoo, babu. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea. Nimekuja kujua damu ya mjukuu wangu mnamuuzia nani."

Mpimaji, mama mnene, alicheka mpaka akashika meza. "Ningekuwa nauza, babu yangu, ningevaa viatu hivi? Ya pili ni ya uchunguzi wangu; mama yake aliniruhusu kwa saini kabla hajasafiri. Njoo uchungulie."

Babu akainamia darubini, akitarajia kiinimacho. Damu ilikuwa ikisukumwa katika kijia chembamba kuliko unywele. Ya mpimaji mwenyewe ilipita: chembe za mviringo, zikijikunja kama paka apenyaye chini ya lango. Ya mtoto, ilipopunguziwa hewa, chembe zilipinda kama mundu, zikakakamaa, zikakwama. Nyuma yake foleni.

"Bomba lenyewe ni zima," Babu akanong'ona. "Kipitacho ndicho kigumu."

"Wewe fundi kweli! Sasa, chembe za huyu ni ngumu kuliko za wenzake wenye selimundu, ndiyo maana nazichunguza. Zimekauka. Chembe ikipungukiwa maji hukakamaa zaidi. Kwani mtoto hanywi maji?"

Babu akaondoa jicho kwenye darubini. Bomba likiziba, fundi hufunga maji kwanza. Kila mara mtoto alipoanza kulia miguu, yeye alimnyang'anya kikombe. "Subiri pazibuke," alimwambia, na mtoto, kwa kumwamini, alilala na kiu.

"Babu, nimekuuliza." Sasa jicho la mashaka lilikuwa la mpimaji.

"Mimi ndiye niliyemfungia maji."

Mpimaji hakucheka. "Basi mfungulie. Na mama yake aambiwe. Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

Alikaa wodini akimnywesha mtoto kikombe baada ya kikombe. Mtoto alipolala, Babu akaomba karatasi na bahasha kwa muuguzi.

"Mwanangu, nilikuandikia kwamba hospitali inamuumiza mtoto. Nilikosea. Nilikuwa namnyima maji, mimi baba yako. Ukitaka kumhamishia kwa shangazi yake, sitakuwa na neno."

Aliongeza kwamba hakujua. Akaisoma sentensi hiyo mara mbili, akaikata. Kisha akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akatoka haraka kwenda posta kabla kiburi hakijamshika mkono, akaitumbukiza barua sandukuni.