Orodha Iliyotoka Kenyamonta

Muuguzi Stefania alikuwa na miaka mitatu katika zahanati ya Kenyamonta tangu ahamishwe kutoka Bukoba, na hakuwahi kumtaja mgonjwa hata kwa mume wake. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoiona orodha ya watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp la kata, aliisoma mara mbili kabla ya kuamini kuwa ni ya zahanati yake. Majina arobaini na moja. La sita lilikuwa la Ghati, mke wa Werema.

Kesho yake Clement, fundi wa kompyuta wa wilaya, alifika zahanati kwa pikipiki. Alikichunguza kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati la dawa, akaguna.

"Programu yake ina upenyo. Mtu akisimama nje ya uzio na simu yake, anaingia bila nywila na kuchota chochote kilichomo kwenye kompyuta. Watengenezaji walishauziba tangu Machi. Hamkuletewa ujumbe wa kusasisha?"

Ujumbe ulikuja, tena mara nyingi. Kila ulipokuja, foleni ilikuwa imefika mlangoni, naye alibonyeza "Baadaye."

"Uliletwa," Stefania alisema. "Mimi ndiye niliyeuahirisha."

Clement hakumlaumu. Alisasisha programu kwa dakika saba tu. "Sasa kiko salama," akasema, akakunja nyaya zake, akaondoka.

Siku ya Ghati ya kuchukua dawa ikapita bila yeye kuonekana. Stefania akaulizia kwa majirani, akamfuata hadi Turwa, mjini Tarime, akamkuta kwa kaka yake anafua nguo za wenyeji wake. Werema alikuwa amemfukuza mbele ya majirani, akabaki na watoto wote wawili.

"Dada Ghati, nimekuja kukuomba radhi. Uzembe ulikuwa wangu. Lakini tumesharekebisha, haitatokea tena."

Ghati hakuinua uso kwenye beseni. "Haitatokea kwa nani, sista?"

Stefania akafungua mkoba. Akamtolea dawa za mwezi mzima. Ghati akajifuta mikono, akazipokea.

"Nataka barua ya kuhamia kituo cha huku."

"Naweza kuituma kwenye mfumo leo hii, wataipata kabla hujafika."

"Hapana. Andika kwa kalamu, unipe mkononi."

Stefania akachuchumaa, akaandika karatasi ikiwa juu ya goti. Ghati aliisoma neno kwa neno, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akarudi kwenye beseni lake. Hakumwambia karibu tena.