Buti za Kununua Mwenyewe

Merv Tranter hakuwa mtu asiye na shukrani, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Kila alichovaa alikuwa amepewa. Shati la mistari lilitoka kwa mwenye duka la mikate, sweta kwa padri, suruali kwa Norm Duggan, ambaye alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kiganja kizima, na buti zilitoka kwa mtu wa mji wa Bairnsdale ambaye hakuwahi kuonana naye. Moto wa Januari uliposhuka kutoka msituni na kula nyumba yake, alitoka na kaptula, kandambili na mbwa. Kondoo wake wengi walipona, kwa kuwa malisho ya kando ya mto yalikuwa bado mabichi. Nyumba na vyote vilivyokuwamo vikawa majivu.

Watu wa Wirrabel walimletea nguo kwa mifuko hadi kwenye karavani, kijumba cha magurudumu alichowekewa shambani. Shida ni kwamba mji ule ni mdogo, na kila mtu alizijua nguo alizotoa.

"Ala! Suruali yangu hiyo!" Norm alimpigia kelele siku moja kutoka ng'ambo ya barabara. "Inakukaa vipi, bwana? Usiiname tu, itakuaibisha!"

"Inanikaa vizuri, Norm. Asante sana."

"Aa, wacha hizo. Asante ya nini?"

Lakini Merv alishukuru vilevile. Alishukuru posta, alishukuru kanisani, alishukuru alipokwenda kununua maziwa. Kufikia majira ya baridi neno lenyewe lilikuwa limemwisha utamu mdomoni. Akawa anakwenda mjini saa ambazo anajua barabara ni tupu.

Bintiye Kerryn, aliyekuwa nesi Melbourne, alikuja kumtazama mwezi wa Agosti. Alimkuta anatoka zizini, mguu wa kushoto akiukanyagia ubavuni.

"Baba, unachechemea."

"Sichechemei."

"Vua buti."

"Kerryn, mimi si mgonjwa wako."

"Vua."

Akavua. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi tii, na kisigino kimechubuka hadi nyama. Kerryn akatoa simu mfukoni. "Naagiza jozi sasa hivi. Keshokutwa zinafika."

"Usiagize."

"Kwa nini?"

Merv alikaa kwenye ngazi ya karavani akizungusha soksi mkononi. Hakuwa mwepesi wa kusema mambo ya moyoni, na mkewe, aliyekuwa akimsemea, alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. "Nataka kununua mwenyewe," akasema mwishowe. "Niingie dukani, nichague, nilipe. Na nataka zilizoshonwa hapa hapa nchini, kama zile zangu za zamani. Zile nilibadilisha soli mara tatu, na bado zingenizika."

"Wale waliozishona walishafunga, Baba."

"Basi wapo wengine. Haiwezekani nchi nzima ifuge kondoo na ng'ombe halafu asiwepo hata mtu mmoja wa kushona kiatu."

Wiki iliyofuata walikwenda kuwatafuta. Walianza na duka kubwa katikati ya Melbourne, ghorofa ya nguo za wanaume, ambako kila shati lilikuwa limebandikwa picha ya kangaruu au ya mtu juu ya farasi. Merv alivaa miwani akawa anageuza kola moja baada ya nyingine kusoma lebo za ndani. Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akamsogelea.

"Nikusaidie, mzee?"

"Huyu kangaruu ametoka wapi?"

Kijana akasoma lebo. "Bangladesh."

"Na huyu?"

"Huyo... China. Lakini sufu yake ni ya kwetu, mzee, imeandikwa hapa."

"Najua ni ya kwetu. Pengine nimeikata mimi. Imesafiri kuliko mimi, na imerudi na mikono mifupi."

Kijana akacheka, lakini hakumdhihaki. Alitazama buti alizovaa Merv, akatazama anavyosimama, akashusha sauti. "Wakubwa wangu wasinisikie. Nenda mtaa wa Brunswick, nyuma ya soko la mboga, kuna kichochoro. Mama mmoja Mgiriki anaitwa Despina. Babu yangu alikuwa fundi matofali na alivaa viatu vya hapo hadi anastaafu. Uliza tu, wanamjua."

Kichochoroni walisikia nyundo kabla ya kuona mlango. Ndani kulinuka ngozi, gamu na kahawa. Ukuta mzima ulikuwa na rafu za miguu ya mbao ya kushonea viatu, mikubwa na midogo, kila mmoja umeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Despina alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye aproni ya ngozi na miwani juu ya nywele. Hakuwasalimia hadi alipomaliza kupigilia kisigino alichokuwa nacho.

"Haya. Nani ana miguu?"

"Mimi," Merv akasema.

"Kaa hapo. Vua zote mbili, na soksi pia, usione haya, nimeona mabaya zaidi."

Akamweka juu ya karatasi, akauzungushia penseli mguu wa kulia kisha wa kushoto. Akapima unene wa kifundo, akabonyeza wayo kwa dole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Alipofika kwenye ukucha mweusi akasimama.

"Mzee, ni nani adui yako aliyekuvalisha hizi?"

Merv akafungua mdomo, Kerryn akamwahi. "Si adui, dada. Alipewa. Nyumba yetu iliungua Januari, kule Gippsland. Alipoteza kila kitu."

Nyundo ya fundi wa pili, kijana aliyekuwa nyuma, ikanyamaza. Despina alishusha penseli. Uso wake ulibadilika, ukawa ule uso ambao Merv alikuwa ameuona kila siku tangu Januari, wenye macho laini na kichwa kilichoinama upande.

"Baba yangu," akasema polepole, "usitoe pochi yako. Buti hizi nakushonea mimi. Hulipi hata senti."

Kerryn akaanza kulia kwa furaha. Lakini Merv alikuwa tayari anainama kutafuta soksi zake. Akazivaa, akaingiza miguu ndani ya buti za yule mtu wa Bairnsdale, akasimama huku uso ukimwiva.

"Una moyo mzuri sana, mama," akasema. "Sitasahau. Lakini siwezi."

"Huwezi nini?"

"Baba, jamani!" Kerryn akasema.

"Siwezi tena. Nimesema asante tangu Januari. Kwa watu wema, wema kabisa, wala sina la kuwalaumu. Lakini nikivua nguo usiku nakuta hakuna changu hata kimoja. Nimekuja hapa kununua buti. Ndicho kilichonileta, basi. Kama huniuzii, nitaelewa."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma kichochoroni likipiga king'ora chake. Despina akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa, na ule uso laini ukatoweka.

"Kaa chini," akafoka. "Nani amekuruhusu kuvaa? Sijamaliza kupima. Na nikwambie mapema ili tusilaumiane: mimi ni ghali. Ghali kweli. Utasubiri hadi majira ya machipuko yakolee. Unatanguliza nusu leo, la sivyo sikati ngozi. Na ukinisumbua kwa simu, 'zimekwisha, zimekwisha?', nakuweka mwisho wa foleni."

Merv akakaa.

"Punguza kidogo basi," akasema.

"Sipunguzi! Unaona hapa ni sokoni?"

Hapo Merv akacheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kikatoka na vumbi lake lote, hadi Kerryn akageuka kumtazama kama anayemwona mtu aliyerudi safari ndefu. Alitoa pochi akahesabu noti, na Despina akazihesabu tena mbele yake kwa ukali, akampa risiti.

"Suruali hiyo nayo ni ya nani?" akauliza akiwa anazungusha utepe.

"Ya Norm."

"Norm ni mtoto wa shule? Nenda mlango wa tatu, kwa Bwana Lãm. Anashona suruali na mashati, kila kitu anakata mwenyewe. Atakubishia kuhusu mifuko. Mwache akubishie, ana haki."

Bwana Lãm alimbishia kweli. Merv alitaka mifuko ya kina kirefu, Bwana Lãm akasema mifuko mirefu hujaa takataka na kuvuta kiuno. Walijadiliana nusu saa nzima, wakamaliza kwa kunywa chai, na Merv akapata mifuko ya kina cha katikati. Alichagua pia kitambaa cha shati, cha bluu isiyo na mistari. Kerryn alikaa kwenye kiti cha pembeni, akimsikiliza baba yake akilalamikia bei.

Majira ya machipuko yalipokolea Merv alipanda treni peke yake kwenda kuchukua nguo na buti zake. Buti zilikuwa za rangi ya kahawia, ngozi nene lakini laini pale mguu unapokunjika, na mshono umenyooka. Aliingiza mguu wa kushoto kwanza, kwa woga, kwa jinsi alivyozoea maumivu. Hayakuja. Akatembea hadi mlangoni, akarudi. Akatembea tena.

"Zinabana?" Despina akauliza.

"Hazibani popote."

"Basi ondoka, nina kazi."

Hakuondoka. Alisimama na suruali yake mpya mkononi. Bila kuulizwa, akamweleza juu ya moto: rangi ya mbingu siku ile, mbwa alivyokataa kupanda gari, kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake mwaka aliooa. Hakuwa amemsimulia mtu. Despina alimsikiliza huku mikono ikiendelea kupaka nta kwenye uzi, na hakuinamisha kichwa upande hata mara moja.

"Asante," Merv akasema alipomaliza. Akashangaa kuona neno limerudi na utamu wake. "Asante kwa kuniuzia."

"Rudi baada ya miaka saba nikuwekee soli," akajibu.

Kwenye treni ya kurudi, mtu mmoja mwenye kofia pana aliyekaa mkabala naye alimtazama miguuni tangu kituo cha Traralgon, mwishowe akashindwa kuvumilia. "Samahani, kaka. Buti hizo umezipata wapi?"

Merv akanyoosha mguu kwenye njia ili azione vizuri, akaanza kueleza, na mazungumzo ya ngozi, kondoo na mvua yakawafikisha mwisho wa safari.

Jumamosi ile alikwenda kwa Glenys Ashby, jirani yake mjane ambaye uzio wake ulikuwa haujasimamishwa tangu moto. Alijitolea mwenyewe, hakuitwa. Alichimba mashimo ya nguzo hadi jua likawa la utosini, na tope likapanda hadi kwenye vifundo.

Glenys alitoka na chai na vipande vya keki, akasimama kinywa wazi. "Merv! Buti mpya hizo, utaziharibu!"

"Haziharibiki," Merv akasema, akapokea kikombe. "Zimeshonwa kwa kazi."

"Sijui nikushukuruje."

"Nishukuru mara moja inatosha," akasema, akaipuliza chai yake, akatazama mstari wa nguzo ulivyonyooka kuelekea mtoni.