Bonde Nililolipaka Kijani

Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi, ila si nyumba. Nilipaka ramani. Kwa miaka mitatu nilikaa katika kampuni moja ndogo pale Santa Clara, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia, nikionyesha ni wapi kompyuta zetu za kiganjani zinashika mtandao bila waya na ni wapi hazishiki. Njano ilikuwa pale ambapo mashine ya ofisini inakisia kwamba mawimbi yatafika. Kijani kilikuwa pale ambapo mtu amekwenda kwa gari, amesimama, ameinua antena, ametuma barua pepe na amejibiwa. Kukisia na kwenda ni vitu viwili, na nilikuwa mkali kwa hilo mpaka vijana wa mauzo wakaniita Bibi Njano. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Kaka yangu Duarte anaishi ng'ambo ya milima, katika bonde la San Lorenzo, ambako ananoa misumeno ya wakata miti. Ni kiziwi tangu homa iliyompata akiwa na miaka miwili. Mama yetu hakujifunza lugha ya ishara hata siku moja. Alisema mikono yake iliumbwa kwa kukanda unga. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka sita mimi ndiye niliyekuwa masikio ya Duarte, kwa daktari, dukani, kanisani. Jina langu kwake ni kidole kinachogusa kidevu, kwa sababu ya kovu nililopata nilipoanguka kwenye ngazi za shule.

Watu wenye masikio wakigombana hupandisha sauti. Duarte hufumba macho. Akishayafumba unaweza kupunga mikono mpaka ichoke, hakuna kitakachoingia.

Mama alifariki Septemba ya mwaka elfu mbili. Siku ya maziko mama mdogo Natércia alisimama kanisani kumzungumzia dada yake, na katikati ya maneno yake watu wote, benchi baada ya benchi, waligeuka wakamtazama Duarte. Yeye akanitazama mimi. Mikono yake ikauliza, "Amesema nini?" Nikamjibu kwamba ni sala tu. Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akageukia jeneza.

Haikuwa sala. Nitasema ilikuwa nini, lakini sio sasa hivi. Hata kuandika hapa nachelewesha.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tulikutana kaburini San José. Nilikuwa nimemletea kompyuta ya kiganjani kutoka kwenye vifaa vyetu vya majaribio. Mpaka wakati huo alikuwa na simu ya maandishi, ile ambayo kila neno hupitia kwa mhudumu usiyemjua, na aliichukia. Nikamwonyesha kijiti cha kuandikia, nikamwonyesha antena, nikatembea mpaka mwisho wa makaburi na kumwandikia kutoka huko. Barua ikamfikia. Akacheka, na mimi nikamwona akicheka kwa mbali, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyeshika kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Tukakubaliana: kila jioni saa kumi na mbili yeye ataandika neno moja, "Nipo," na mimi nitajibu. Nikamwambia simu ile ya maandishi aigawe, haina kazi tena. Akaigawa kweli.

Wiki hiyohiyo ramani ilikuwa inasubiriwa na wachapaji. Bonde la Duarte lilikuwa njano. Kwenda kulipima sikuweza, mvua ilikuwa imeshusha udongo na kufunga barabara. Mkuu wa mauzo, Burke Ostrander, akaja kuegemea meza yangu.

"Bibi Njano, utatuua. Huko kuna miti na mbwa. Nani ataleta malalamiko, mti?"

"Kuna kaka yangu."

"Basi mpe zawadi ya kijani, dada. Utakwenda kupima barabara ikifunguka."

Sitamlaumu Burke. Wengine waliniomba kijani mara mia nikawafukuza. Siku hiyo nilikipaka kwa mkono wangu kwa sababu nilitaka Duarte apatikane. Barabara ikafunguka, kazi zikanizidi, na baada ya wiki chache ramani ikatundikwa ukutani, kubwa kama shuka la kitanda. Nilipita mbele yake kila asubuhi nikaona bonde la kaka yangu ni kijani, na kwa kuwa kwenye ramani ile kijani hakidanganyi, nikaamini. Sisi watu wa kazi ile ndivyo tulivyokuwa. Mteja akisema hapati mtandao, tulitazama ukutani kwanza, kisha tukamwambia anapata.

Jioni ya kwanza saa kumi na mbili sikupata kitu. Ya pili hivyohivyo. Nikamwandikia: "Umesahau?" Baadaye: "Inua antena vizuri." Baadaye: "Nimejua umekasirika." Ramani ilisema anapata. Kwa hiyo kama haandiki, hataki, na kama hataki, basi amelijua lile la kanisani. Krismasi nilikula soseji na mkate mtamu peke yangu jikoni, kompyuta imelala kando ya sahani, antena juu. Februari nilimwandikia barua ya mwisho. "Kama hunitaki sema. Nimechoka kuwa masikio ya mtu ambaye hata kunijibu hataki." Nikaituma. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika tano.

Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa saa moja kwa gari. Sikwenda. Kiburi kilikuwepo, lakini zaidi ya kiburi nilikuwa naogopa macho yale. Jioni nilirudi nyumbani, nikafungua redio ili kuwe na mtu anaongea, nikapiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi. Ikifika saa kumi na mbili niliinua antena. Nilifanya hivyo mpaka kiangazi.

Agosti kampuni ikafa. Tulikusanywa tukaambiwa kwamba minara itazimwa Ijumaa saa sita mchana, na kila mwenye kifaa cha majaribio akirudishe. Hapo nikapata sababu ya kwenda kwa Duarte bila kuitwa mwombaji. Ijumaa asubuhi nikafunga mkate mtamu kwenye taulo, nikapanda mlima, nikavuka kilele na kuteremka upande wa pili, chini ya miti inayoziba mbingu.

Kibarazani kwake, kabla sijabonyeza swichi ya ile taa inayomjulisha kuwa mgeni amefika, nilifanya jambo ninalofanya kila ninaposimama mahali. Nikatoa kompyuta yangu, nikainua antena. Kwenye kioo hakikuwepo hata kistari kimoja cha mawimbi. Nikatembea mpaka kwenye rundo la kuni, hakuna. Nikarudi barabarani, hakuna. Nilisimama pale nimeshika antena juu kama mjinga. Bonde hili lilikuwa halijawahi kupata mtandao hata kwa sekunde moja. Kijani kilikuwa changu mimi.

Nikawasha taa. Duarte akafungua mlango. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa nyeupe. Nikaanza kumweleza kwa mikono, haraka haraka, ramani, rangi, kosa langu. Mikono yangu ilipofika kwenye neno la pili akafumba macho.

Niliweka mkate mezani. Yeye, macho bado yamefumbwa, akapapasa kwenye rafu, akachukua kompyuta ya kiganjani na chaja yake, waya umezungushwa vizuri, akaninyooshea. Alikuwa ameiweka ikiwa na chaji. Nikaipokea na kutoka nje.

Kileleni, pale barabara inapoachana na upande wa bonde, kuna mahali pa kuegesha. Nikasimama kwa sababu sikuwa naona vizuri kwa machozi. Mkono ukafanya tena kazi yake: nikachukua kompyuta ya Duarte na kuinua antena. Vistari vinne. Kisha kompyuta yangu, iliyokuwa kwenye kiti cha abiria, ikalia. Ikalia tena. Haikunyamaza.

Barua zake zote zilikuwa zimekaa ndani ya kile kifaa. Kila aliyobonyeza kuituma, kioo kilimwambia "imewekwa," naye akadhani imekwenda. Sasa zilikuwa zinatoka moja moja kunijia mimi, kutoka mkononi mwangu hadi kwenye kiti cha pembeni.

"Nipo." Novemba. "Nipo." "Nipo. Mvua." "Nipo, barabara imefungwa, nimekula dengu siku tatu." "Nipo. Lina, unapata hizi?" "Nipo. Krismasi njema." "Nipo. Leo mteja kaleta msumeno una kutu kama meli, nimemwambia auzike." "Nipo, hata kama hujibu." Zilikuwa mia moja na kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa ya Machi, wiki ya kwanza ya Kwaresima. Ilikuwa ndefu kuliko nyingine.

"Kanisani wote walinigeukia. Uliniambia sala. Mimi najua sura za watu wakisali. Walisema nini? Ukinijibu hili tu inatosha."

Wakati zake zinatoka, zangu zilikuwa zinaingia kwenye kifaa chake. Ile ya kusahau, ile ya antena, ile ya masikio. Kufuta moja ni mguso mmoja wa kijiti. Nilikishika kijiti juu ya ile ya Februari muda mrefu. Hakuna ambaye angejua. Halafu nikakumbuka kwamba kila nilichowahi kumficha Duarte kilianza kwa mimi kujiambia hivyo, nikakiweka kijiti chini. Saa ya gari ilionyesha saa tano na dakika hamsini. Nikaishusha antena na kugeuza gari.

Mlango hakuwa ameufunga. Alikuwa amekaa mezani mbele ya mkate ambao hakuufungua. Aliponiona akafumba macho tena. Niliketi ng'ambo ya meza, nikaandika jibu kwenye kompyuta yake kwa kijiti, herufi moja moja. Nikaiweka kiganjani mwake na kuvikunja vidole vyake juu yake, kama tunavyomshikisha mtoto kitu.

Ilichukua muda. Kisha akatazama. Aliona barua zangu za zamani kwanza, nikaona anazisoma zote na tarehe zake, mpaka ile ya Februari. Uso wake haukubadilika. Akafika kwenye ile niliyoandika sasa hivi.

Akaisoma. Akaiweka mezani, kioo chini. Mikono yake ikanyanyuka kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

"Sio hiki," ikasema. "Sema kwa mikono. Nikuone."

Nikamwambia, "Umeshasoma, kaka."

"Nimesoma. Sasa sema."

Basi nikasema. Nilimwambia kwamba mama mdogo Natércia alisimama akawaeleza watu jinsi dada yake alivyokufa. Kwamba Jumapili ile ya mwisho, kuanzia mchana mpaka jua linazama, mama alikuwa anaita jina moja tu. Duarte. Alikuwa akiliita kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kujifunza kuliita kwa mkono, na alikuwa akitazama mlango. Ndiyo maana watu waligeuka. Walidhani ulikuwa njiani ukachelewa, nikamwambia.

Macho yake yalikuwa wazi. Mikono yangu ilisimama hewani na yeye akaingoja.

Nikamwambia yaliyobaki, ambayo mama mdogo hakuyajua. Kwamba nilikuwa nimeketi kitandani nimeushika mkono wa mama, na simu ilikuwa pale pale kwenye meza ndogo. Kwamba kwa saa moja tu ungefika. Kwamba sikukupigia kupitia kwa mhudumu. Nilikuwa nimemwosha na kumlisha miaka minne, na nilikuwa namngoja aite langu. Nilijiambia akichoka kuliita lako ataita langu. Hakuliita.

Duarte alinitazama mpaka mikono yangu ikashuka yenyewe mezani. Hakuyaondoa macho kwangu hata mara moja, nami sikuruka neno. Huko kilimani minara ilikuwa imeshazimwa.

Kisha akafumba macho. Sikuinuka. Nilifungua taulo, nikaukata mkate, nikaweka kipande chake upande wake, nikakaa kumngoja.