Kenge ni Mmoja Tu

Kaka yangu alianza kuniita Kenge nikiwa na miaka sita, kwa sababu nilikuwa sisikii. Ukubwani tukafungua duka la dobi, yeye akifua, mimi nikipiga pasi, na jina likahamia nasi dukani. Siku alipoleta kenge wa kweli nilitegemea nitapumzika. Wapi. Mnyama akaitwa Meneja, kwa vile kutwa alilala chini ya taa akitutazama tunavyohangaika. "Kenge humu ndani ni mmoja tu," kaka alisema, akaninyooshea kidole.

Kisha kiharusi kikamwangusha karibu na karai la sabuni. Hospitali walimkalisha miezi miwili. Mguu ulirudi, mkono ukafuata taratibu, lakini ulimi uligoma. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema akamwambia wifi kwamba akiruhusiwa, akae na yule aliyezoea kupiga naye soga. Tulijua ni nani. Kila asubuhi, kabla ya kuloweka nguo, kaka alimpa Meneja umbea wote wa mtaa. Nikamwahidi wifi kwamba mumewe atamkuta mnyama wake mzima.

Na mimi simpendi, nasema ukweli. Hata hivyo nilimhudumia: mayai, vipande vya kuku, beseni la maji la kujilowekea, sanduku lake la vioo likipigwa deki. Balbu yake ilipoungua nikamnunulia nyeupe ya kisasa, inang'aa vizuri na wala haichomi. Nilijisifu kabisa. Baada ya wiki akaacha kula. Yai la Jumatatu nililikuta Jumatano. Mkia ukakonda, macho yakawa hayafunguki. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamtukana. Zikiwa zimebaki siku nne kaka aruhusiwe, nililia juu ya shuka za mteja.

Siku hiyohiyo nilimtoa ili nisafishe sanduku. Nikamweka sakafuni, nikaenda kuchukua tambara, kurudi hayupo. Alikuwa amejikokota hadi kwenye shuka nilizotoka kuzipiga pasi, nilizozirundika chini, akajilaza juu yake tumbo likiwa limegandamana na kitambaa. Nilitaka kumfukuza, maana shuka ni za watu. Lakini punde akafumbua jicho moja. Ulimi ukatoka, ukaonja hewa, ukarudi. Nikapeleka mkono kwenye balbu yangu nyeupe. Haikuwa na hata uvuguvugu. Kumbe nilimpa mwanga nikamnyima joto, na bila joto tumbo la kenge halisagi hata yai. Nilijiona mjinga wa mwisho.

Madukani waliniambia balbu za zamani hawaleti tena. Nikazipata kwa jirani mfuga vifaranga, aliyenipa mbili kwa sharti kwamba Meneja asijue anakokaa. Siku ya pili alikunywa maji. Siku ya tatu alimeza yai zima, nami nikakaa kitini nikicheka peke yangu.

Kaka aliletwa asubuhi. Wifi akamkalisha mbele ya sanduku. Meneja alikuwa chini ya taa, ametanua mbavu, hana habari na mtu. Kaka alimtazama mpaka nikaanza kukata tamaa. Halafu mdomo wake ukapinda, ukahangaika.

"Ke... nge," akasema.

Wifi alinishika bega huku machozi yakimtoka. "Umesikia? Amemtaja mnyama wake."

Sikumsahihisha. Kaka hakuwa anatazama sanduku tena. Alikuwa amenigeukia mimi, na kidole chake kilikuwa kimeinuka kidogo kutoka gotini.

"Abee, kaka," nikaitika.