Hodi Kutoka Kwenye Kisanduku

Jumanne saa tisa alasiri, fundi cherehani akitia zipu kwenye sketi ya shule, afisa mikopo alitoka ndani ya kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati. Kilitangulia kiatu, ikafuata tai, kichwa kikaja mwisho. Alishuka kwenye kiti, akajikung'uta.

"Hukuweka neno la siri, mama," alisema. "Mtandao usio na ulinzi ni mlango wazi."

Fundi alilijua hilo. Alitaka kuufunga zamani, lakini shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimkataza. "Usiwe mchoyo, shemeji," alimwambia, kajinyoosha kwenye kochi lake. Huyu alikuwa na kazi moja tu duniani, kutafuta kazi, na hata hiyo aliiahirisha kila asubuhi.

Afisa alifungua faili. Mkopo binafsi ulikuwa umechukuliwa kupitia kisanduku hicho, kwa jina la fundi.

"Sijakopa hata senti."

"Najua. Alikopa huyo." Afisa alimwelekezea kalamu shemeji, aliyekuwa amelala palepale kwenye kochi. Shemeji akapunga mkono, miguuni ana viatu vipya.

"Basi mdai yeye."

"Hana kitu, mama. Tulishamchunguza."

Fundi akauliza shemeji aliweka dhamana gani.

"Hakuna. Mkopo wa dhamana tungechukua kilichoandikwa. Usio na dhamana, tunachukua tunachopenda."

Akamshika fundi mikono, akazibandua alama za vidole vyote kumi kama anayemenya kitunguu, akazitia kwenye bahasha. Akaandika risiti. Haikuuma. Kilichomuuma fundi ni kwamba shemeji hakuinuka hata kitako.

Tangu hapo uzi ulimteleza na simu ikakataa kumtambua. Alikwenda kwenye ofisi ya wakopeshaji kulalamika. Karani alimwambia aweke kidole kwenye mashine ili lalamiko lipokelewe. Akaweka. Mashine ikasema hapakuwa na mtu.

"Umesikia mwenyewe," alisema karani, akamwita wa nyuma yake.

Fundi alirudi akaweka neno la siri, herufi kumi na sita. Jumanne iliyofuata hodi ikapigwa ndani ya kisanduku.

"Usimjibu," alisema fundi.

"Mtu mzima yule, shemeji, tusimwaibishe." Shemeji alikuwa amelichungulia neno hilo begani kwake. Akalitaja herufi moja moja, zile ngumu akazirudia.

Afisa akatoka na bahasha yake. Safari hii alikuja kwa shemeji: mkopo mkubwa zaidi, wenye dhamana. Dhamana ilikuwa ndani ya bahasha. Shemeji alitia sahihi kwa alama za vidole vya fundi, zote kumi, bila kuchafua karatasi.

"Umekanyaga kitambaa changu," fundi alimwambia afisa.

"Samahani sana, mama," alisema afisa, akainua mguu upesi. Alikuwa mtu mwenye adabu.