Mgomba wa Mama Nekoye

Kampuni ya Cyril ilikuwa na watu watatu, chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Eldoret, na vyeo saba, vyote vya Cyril. Walitengeneza programu ya kuwatumia jamaa za wagonjwa ujumbe wa simu kwa niaba ya zahanati: dawa imefika, mgonjwa ameruhusiwa, na ule mmoja asioutaka mtu.

Kavetsa, mwandishi wa programu hiyo, alikuwa ameomba mara tatu laini ya majaribio. Ijumaa Cyril akamtupia orodha ya zahanati yenyewe.

"Tumia hizi namba, tuone kama system iko fast."

"Boss, hawa ni watu wa ukweli."

"Kwani unataka tutest na mapepo? Press."

Mwenye nguvu mpishe. Kavetsa akabonyeza kabla ya kuangalia ujumbe uliokuwa umewekwa. Ndipo akausoma: *Tunasikitika, mgonjwa wako ameaga dunia.* Alisitisha utumaji upesi, lakini mtu mmoja alikuwa ameshaupata. Akampigia simu mpaka jioni, haikupatikana. Cyril alisema mtu mmoja si kitu.

Jumatatu asubuhi mzee mmoja akapanda ngazi, kofia mkononi. Aliitwa Mabonga, fundi viatu wa Langas. Zahanati ndiyo iliyomwelekeza pale.

"Nilienda nyumbani Kimilili tukachimba kaburi," alisema. "Leo nimekuja kuchukua mwili, nikampata mke wangu, Mama Nekoye, amekaa kitandani anakunywa uji."

Cyril alicheka kwa nafuu. "Si hiyo ni good news, Mzee? Fukieni tu hilo shimo."

Kavetsa alitamani ardhi immeze. Yeye ni Mluhya kama mzee, na alijua kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, lisije likamwita mwenyewe.

"Nimewapigia wazee simu, wamekata mgomba," Mabonga akaendelea. "Wanauzika leo saa nane, kwa jina lake. Nani alituma ile message?"

"Ni system, Mzee," Cyril akawahi. "Mashine."

Kavetsa alijua akinyamaza kazi yake ingebaki salama.

"Ni mimi, Mzee. Nilibonyeza mimi."

Mabonga alimtazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Basi twende zahanati, binti yangu. Mke wangu anauliza kwa nini watu wa nyumbani hawampigii simu. Mimi nimeshindwa. Utamwambia wewe kwamba leo tunamzika."

Kavetsa akachukua mkoba wake.