Lango Linaloamkia Wazee

Wakubwa wa reli walikaa vikao mwaka mzima, wakaona shida kubwa ya abiria wa mji wetu wa Daegu ni kukosa kusalimiwa. Basi wametuwekea malango yanayosema. Kijana akigusa kadi, lango linalia tu. Mzee akigusa ile kadi yake ya kupanda bure, linapaza sauti, "Shikamoo mzee, afya njema!" Choo cha stesheni kimeharibika tangu majira ya baridi, lakini salamu tunazo.

Mimi nauza soksi humo humo stesheni, chini ya ardhi, mbele ya malango, kwa hiyo hakuna kinachonipita. Okbun ni mjane wa miaka sitini na minane, na alishatangaza dukani kwangu kwamba hataki tena mwanamume aliyemzidi umri: marehemu alikaa sakafuni akiitisha maji hadi siku ya mwisho. Gilho, fundi saa mstaafu, alikuwa akichagua soksi, akasikia. Ana miaka sabini. Akajitaja sitini na mitatu, akapaka nywele nyeusi tii, akaanza kumwita Okbun dada, kama mdogo kwa mkubwa wake, na kumbebea mifuko ya figili kutoka sokoni. Na kwa kuwa wa sitini na mitatu bado hapewi kadi ya bure, akaogopa lango lisimuumbue, akawa analipa nauli kamili.

Jana kadi yake ya kulipia iliishiwa. Nyuma foleni inanung'unika, mbele Okbun keshavuka anamsubiri. Akatoa ile nyingine, akaigusisha haraka haraka.

"Shikamoo mzee, afya njema!"

Okbun akamtazama toka nywele hadi viatu, akamuuliza amezaliwa mwaka gani. Kwetu swali hilo halikwepeki. Gilho akautaja, wa kweli. Nilimwonea huruma, sifichi.

Okbun akanyoosha mkono achukue mfuko, maana mkubwa habebeshwi mzigo, akainama kwa adabu iliyoniuma mimi.

"Samahani, kaka, sikujua. Nikuletee maji?"

Ulikuwa mtego. Wanaume wa rika lile ninaowajua mimi wangekaa kwenye benchi na kuitikia, tena wangetaka ya uvuguvugu. Gilho akaung'ang'ania mfuko.

"Kaa wewe, dada. Maji naleta mimi."

Akarudi na chupa, kifuniko kishafunguliwa. Okbun akanywa taratibu, treni zikapita wala hakuzitazama. Alipomaliza akamtwisha na mkoba wake wa mkononi.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Tutachelewa."